Waandishi wasije siku ya msiba tu: namna kikundi chetu cha mwaloni kinavyosikika redioni na magazetini bila kulipia

Zamani ukiona pikipiki ya mwandishi wa habari inashuka mwaloni kwetu, ufukweni mwa Ziwa Victoria mitumbwi inaposhusha samaki, ujue kuna mtu amekufa maji. Atapiga picha ya mtumbwi uliopinduka, atamhoji mwenyekiti wa mtaa, atauliza jina na umri wa marehemu, ataondoka. Kesho yake gazetini ni mistari sita. Nimefundisha shule ya msingi hapa Ilemela, Mwanza, kwa miaka 22, na wawili kati ya walioandikwa kwenye mistari sita ya namna hiyo walikuwa wanafunzi wangu wa darasa la tatu.

Leo tuko wanakikundi 11, wengi wetu akina mama wa dagaa, pamoja na vijana wawili wavuvi. Kila Jumamosi asubuhi tunawafundisha watoto kuelea, kupiga miguu, na kumwokoa mwenzao kwa kumrushia dumu tupu lililofungwa kamba badala ya kujitosa kumfuata. Hatuna mfadhili. Fedha ya matangazo hatujawahi kuwa nayo. Hata hivyo tumeshakaa studio mara saba, magazeti mawili yametuandikia makala, na kamera ya televisheni imeshakanyaga mchanga wetu. Wenzangu wa vikundi vingine, wa maktaba ya mtaa, wa wazee, wa watoto wenye ulemavu, huniuliza tunampa nani kitu kidogo. Hatumpi mtu. Naeleza hapa tunachofanya, kwa mfano wetu wenyewe, nawe utaugeuza ufanane na kazi yako.

Habari ni mtu

Taarifa yangu ya kwanza kwa vyombo vya habari ilianza hivi: "Kikundi chetu, kilichosajiliwa chini ya Halmashauri, chenye lengo la kuwajengea uwezo watoto wa jamii za wavuvi katika masuala ya usalama majini, kinatarajia kuzindua rasmi..." Niliipeleka sehemu tisa. Kimya. Nikamfuata mhariri mmoja ofisini kwake, akaisoma mpaka mwisho mbele yangu, kwa heshima, kisha akauliza: "Mwalimu, habari yenyewe iko wapi hapa?"

Nilirudi nyumbani nimeumia, lakini alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandika wasifu wa kikundi. Msikilizaji aliyeko Buhongwa, asiye na mtoto kwetu wala mtumbwi, kikundi chetu kinamhusu nini? Usiku ule nikaandika upya sentensi moja: "Mama aliyempoteza mwanawe ziwani sasa anawafundisha kuelea watoto wa wenzake." Asubuhi nikaituma kwa watu walewale. Kabla ya adhuhuri simu mbili zimeshaingia.

Wanaoishi kando ya ziwa hili wana mfano mkubwa zaidi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakafariki. Siku ile zilisemwa habari nyingi za hali ya hewa, uwanja na uokoaji. Muulize mtu leo anakumbuka nini. Atakutajia Majaliwa Jackson, kijana mvuvi aliyewahi kufika na kusaidia kuufungua mlango wa ndege. Watu hushika jina na uso. Taasisi huja baadaye, zikiwa nyuma ya huyo mtu.

Kwa hiyo kabla hujampigia mwandishi yeyote, kaa na wenzako mjibu maswali matatu kwa maneno ya kawaida. Ni nani ambaye maisha yake yamebadilika, na yuko tayari kusema? Leo kuna nini ambacho mwezi jana hakikuwepo? Asiyetujua kwa nini asikilize? Mkikosa jibu la swali la pili, subirini. Kusema tu kwamba mpo hakumtoi mwandishi mjini.

Daftari la majina

Watu hukosea kwa kutafuta "vyombo vya habari". Mimi natafuta mtu. Nina kaunta buku nililoanza kwa kusikiliza redio na kalamu mkononi: mwandishi anapomaliza ripoti yake hutaja jina lake na mahali alipo. Nikisikia jina linajirudia kwenye habari za watoto, shule, afya au uvuvi, naliandika, na pembeni naandika habari aliyoitoa na siku. Kwenye magazeti nafanya vivyo hivyo. Baada ya miezi miwili nilikuwa na majina 14, na sita kati ya hayo ndiyo yaliyotubeba mpaka leo.

Mwanza tuna bahati. Radio Free Africa na Star TV zina makao hapa, magazeti makubwa ya Dar es Salaam yana waandishi wake hapa, na ipo klabu ya waandishi wa habari ya mkoa. Karibu kila mkoa una klabu yake. Nenda ofisini kwao siku ya kazi, jitambulishe, ueleze kazi yenu kwa dakika tano, uombe kujua nani anaandika habari za aina yenu. Mkoani kwako kama kuna redio ya jamii, anza na hiyo. Kazi yake ni habari za hapo hapo, na msikilizaji wake ndiye jirani yako unayetaka amlete mtoto. Pangani FM, Sengerema FM, FADECO kule Karagwe, Redio Jamii Micheweni kule Pemba, zote zimejengwa juu ya habari za majirani. Nafasi ya dakika kumi huko inaweza kuleta watoto wengi kuliko sekunde thelathini za taarifa ya habari ya taifa.

Kuna mambo mawili kuhusu waandishi ambayo laiti ningeyajua mapema. La kwanza, wengi wa mikoani ni wa kujitegemea. Hulipwa kwa habari iliyotoka, na isiyotoka hailipwi, tena nauli na bando hutoka mfukoni mwao. Ukimwita mtu wa namna hiyo kwenye hafla isiyo na habari, umemtia hasara, na mara ya pili hapokei simu yako. La pili, kwa vipindi vya redio anayeamua mgeni ni mwandaaji wa kipindi. Mtangazaji unayemsikia kila siku huenda hana uamuzi huo kabisa. Uliza mapokezi: "Kipindi cha asubuhi kinaandaliwa na nani?" Kisha zungumza na huyo.

Makanjanja nao wapo. Mtu usiyemjua akija na kamera, muulize kwa adabu anafanyia kazi chombo gani na umwombe kitambulisho. Mwandishi wa kweli hakasiriki.

Siku, saa, na mwezi wa angani

Tarehe 25 Julai ni siku ya dunia ya kuzuia vifo vya kuzama majini. Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2021. Nilipoijua nilifurahi sana, nikapanga shughuli yetu siku hiyo hiyo. Hakuja hata mmoja. Nilisahau kwamba hapa kwetu 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, na waandishi wote wako kwenye maadhimisho. Tangu hapo tunafanya siku mbili au tatu kabla, na kwenye ujumbe naandika: "Zikiwa zimebaki siku tatu kufikia siku ya dunia ya kuzuia kuzama." Mhariri anapata sababu ya kuitoa sasa, na hashindani na mizinga na mashada ya maua.

Angalia kalenda ya nchi kabla ya kupanga. Mwenge wa Uhuru ukiwa mkoani kwenu, waandishi wako nyuma ya Mwenge. Kiongozi mkubwa akiwa ziarani, wako nyuma ya msafara. Wiki za Bunge la bajeti magazeti hujaa Dodoma. Kwa upande mwingine, mwisho wa juma ofisi zimefungwa na habari ni chache, na mimi nimeona shughuli za Jumamosi zikipata nafasi gazetini Jumapili au Jumatatu kwa urahisi kuliko za Jumatano. Gazeti nalo lina faida ya ziada: kila asubuhi redio nyingi husoma vichwa vya magazeti hewani. Habari moja ikitoka gazetini, imetangazwa na redio tano bila wewe kuwapigia.

Sisi tuna kalenda nyingine, ya mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, wanashona nyavu, wako nyumbani. Ukimleta mwandishi siku zile za mwezi wa giza, wanaume wote wamelala mchana kutwa na akina mama wako kwenye uanikaji. Ukimleta siku za mbalamwezi, mwalo mzima upo na watu wana muda wa kuongea. Kazi yako pia ina majira yake ambayo wewe unayajua na mwandishi hayajui. Yatumie.

Kuhusu saa: usimpigie mtangazaji akiwa hewani, na usimpigie mwandishi jioni anapohangaika kuwahi kutuma kazi. Mimi hupiga kati ya saa 4 na saa 6 mchana. Nasema jina langu, nasema sentensi moja, nauliza kama nimtumie ujumbe. Naishia hapo.

Ujumbe wenyewe

Ukurasa mmoja. Uandike kama ujumbe wa WhatsApp ambao mtu anaweza kuunakili na kuutumia, kwa sababu ndivyo atakavyofanya. Barua yenye nembo na mhuri ibaki kwa ofisi za serikali. Huu hapa ni ule uliotuletea kamera kwa mara ya kwanza, nimeondoa majina na namba tu:

"WATOTO 38 WA MWALONI KUONYESHA WANAVYOELEA, WALIOWAFUNDISHA NI AKINA MAMA WA DAGAA. Jumamosi hii saa 3:00 asubuhi watoto 38 wa miaka 8 hadi 13 wataelea dakika mbili bila msaada, mbele ya wazazi wao, na kuonyesha jinsi ya kumwokoa mtu kwa dumu tupu na kamba. Walimu wao ni akina mama wanaoanika dagaa, ambao mpaka mwaka jana hawakujua kuogelea. Mmoja alimpoteza mwanawe ziwani na yuko tayari kuzungumza. Mtakachopiga picha: watoto majini saa 3:15, uokoaji kwa dumu saa 3:40. Wa kuhojiwa: mama mkufunzi, mvuvi mmoja, mtoto mmoja akiwa na mzazi wake. Daladala kutoka mjini zinafika kituo cha shule, kisha ni dakika tano kwa miguu. Tutamaliza saa 4:30. Hatutoi posho wala nauli, chai ipo kwa wote. Simu mbili hizi zitapokelewa wakati wowote."

Tazama kilichomo. Mwandishi anajua atapata picha gani na saa ngapi, atamhoji nani, na atatoka saa ngapi akaiwahi kazi yake. Sisi ndio tumefanya sehemu ya kazi yake. Simu ziwe mbili kwa sababu ya kwangu iliwahi kuzimika siku ambayo mwandaaji wa kipindi alinitafuta asubuhi nzima, na nafasi ile ikaenda kwa mwingine.

Picha tuma mbili au tatu, zenye maelezo ya nani yumo na wapi. Zitume kama dokumenti, maana WhatsApp hubana picha ya kawaida mpaka gazeti haliwezi kuichapisha. Piga asubuhi jua likiwa chini. Na tafadhali, acha kupiga picha ya watu wamepanga mstari nyuma ya bango. Hakuna mhariri anayeitaka.

Kuhusu takwimu niseme kidogo zaidi, kwa sababu niliwahi kukosea vibaya. Hewani niliulizwa ni watoto wangapi wanakufa maji kwa mwaka eneo letu, nikajibu kwa hisia, "hata mia wanafika." Kesho yake mia hiyo ikaandikwa. Ofisi moja ya serikali ikanipigia kuuliza nimeitoa wapi, na sikuwa na jibu. Ilinibidi nimpigie mwandishi, nikiri, niombe masahihisho. Sasa nina namba ninazoweza kuzisimamia. Ya dunia ni ya Shirika la Afya Duniani, lililokadiria kwamba watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021. Ya kwetu naitoa kwenye daftari la kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wetu, BMU, na huwa nasema hivyo: "kwa mujibu wa daftari la BMU, mwalo huu mmoja." Namba ndogo yenye chanzo humtosha mwandishi.

Mgeni rasmi

Hili ndilo lililotuchukulia nafasi kubwa kuliko yote, nami nawaomba wenzangu mlisikilize vizuri.

Tumezoea kwamba shughuli bila mgeni rasmi haina uzito. Uzinduzi wetu tulimwalika kiongozi. Alifika saa mbili baada ya muda, watoto wameshatetemeka kwa baridi, midomo imebadilika rangi. Akahutubia. Katikati ya hotuba akatoa agizo kuhusu nyavu haramu. Habari iliyotoka jioni ilikuwa agizo lile, na kichwa kilianza na cheo chake. Watoto hawakutajwa. Dumu halikutajwa. Mama wetu aliyekuwa amejiandaa wiki nzima kusema habari ya mwanawe hakuulizwa chochote.

Simlaumu mwandishi. Kauli ya mwenye mamlaka ni habari rahisi na salama, nayo hutoka. Kwa hiyo sasa tunafanya hivi. Viongozi wa mtaa na kata tunawapa taarifa mapema kwa barua: mwenyekiti wa mtaa, ofisa mtendaji wa kata, ofisa maendeleo ya jamii, na mwalimu mkuu kama watoto ni wa shule yake. Hilo ni la lazima, usipolifanya shughuli yako inaweza kusimamishwa mbele ya kamera. Lakini shughuli ya waandishi tunaiweka bila mgeni rasmi. Ikibidi awepo, watoto wanaingia majini kwanza, hotuba baadaye, na waandishi wanajua hivyo kwenye ratiba. Tena siku mbili kabla tunampelekea msaidizi wake karatasi fupi yenye ombi moja mahususi. Tulipoomba kwamba mtumbwi wowote usimbebe mwanafunzi bila jaketi okozi, agizo lilelile la kawaida likawa letu, na kichwa cha habari kikawa na watoto ndani yake.

Nauli, chai na bahasha

Nimesema hatulipi, na nimeiandika kwenye mwaliko wenyewe ili mtu asije na matumaini mengine. Wapo wasiokuja kwa sababu hiyo. Nawaelewa, mwandishi wa kujitegemea anaishi kwa shida. Lakini habari ukiinunua, mwenzako mwenye bahasha nene ataizima, na siku utakapokuwa huna, hutakuwa na rafiki hata mmoja. Tunachofanya ni kupunguza gharama yake. Tunachagua saa asiyopoteza siku nzima. Mwenzetu mwenye pikipiki humpokea kituoni. Asiyeweza kuja tunamtumia picha, sauti za watu wawili zilizorekodiwa mahali pasipo na upepo, na maelezo kamili, akaandika akiwa mjini. Chai na viazi vitamu tunakula wote, watoto kwanza.

Kuna kituo kimoja kiliwahi kuniambia kwamba kipindi chao cha jamii "kina kifurushi," maana yake tulipie muda wa hewani. Nikashukuru, nikauliza mambo mawili: je, kwenye taarifa ya habari au kipindi cha asubuhi hakuna nafasi ya mahojiano? Na je, mna nafasi za matangazo ya huduma kwa jamii yasiyolipiwa? La kwanza wakakataa, la pili wakakubali. Tangazo letu la sekunde 30 likasomwa wiki tatu. Usikate simu kabla ya kuuliza hilo la pili.

Mama asilizwe

Mwandishi mmoja aliwahi kumwomba mama yetu asimame ndani ya maji, pale pale mwanawe alipopatikana, na "akumbuke ile siku" wakati kamera inaendelea. Mama aliniangalia. Nikasema hapana. Nilisema kwa upole na nikabaki nimesimama hapo mpaka kamera ikashushwa. Habari ile hatukuipata, na sijutii hata dakika moja.

Mtu wako anayebeba habari amekuamini wewe. Kaa naye siku moja kabla. Mwambie ataulizwa nini, mwambie ana haki ya kusema "hilo sitajibu," na mkubaliane neno ambalo akilitamka wewe utaingilia. Sisi neno letu ni "maji ya kunywa." Baada ya mahojiano usimwache aende nyumbani peke yake.

Kwa watoto ni zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha yao, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sisi kila mzazi anatia saini karatasi ya kuruhusu au kukataa picha, kwa Kiswahili chepesi, na asiyejua kusoma tunamsomea. Watoto ambao wazazi wao wamekataa huvaa utepe mwekundu mkononi siku hiyo, na mwandishi anaambiwa anapofika: mwenye utepe hapigwi picha. Wote wanaingia majini na fulana na kaptula. Jina la mtoto, shule na mtaa wake havitajwi pamoja.

Ukiitwa studio

Fika nusu saa kabla, mkiwa wawili: wewe wa maelezo, mwingine wa ushuhuda. Mpe mtangazaji karatasi yenye maswali matano, maana mara nyingi amepewa jina lako tu dakika kumi zilizopita na atakushukuru. Majina marefu ya mradi yaache nyumbani. Msikilizaji anaosha vyombo au yuko kwenye bajaji. Mwambie kitu anachoweza kukiona: "Chukua dumu la lita tano, lifunge kifuniko barabara, lipe kamba ya mita kumi, litundike mlangoni. Mtu akizama, rusha dumu, usijirushe wewe." Maneno hayo nimeyasema kila kituo nilichokwenda, na watu huniita mitaani "mwalimu wa dumu."

Jiandae kwa swali gumu. Letu ni kichocho. Muuguzi mmoja alipiga simu kipindini akauliza kama hatuwapeleki watoto kwenye ugonjwa. Ni swali la haki kabisa, maji ya pwani ya ziwa hili yana kichocho. Nilijibu kweli: watoto hawa wanachota maji, wanaoga na kuosha vyombo humo humo kila siku, sisi hatukuwaingiza majini. Tunachagua sehemu isiyo na matete na konokono wengi, na tunashirikiana na shule watoto wamezeshwe dawa ya kichocho zoezi linapokuja, wakiwa wameshakula. Kisha nikamkaribisha aje. Alikuja. Ukiona swali linalokuogopesha, liandikie jibu la kweli kabla ya kuondoka nyumbani, na kama huna jibu la kweli, rekebisha kazi kwanza.

Namba ya simu isome mara mbili, taratibu, tarakimu mbili mbili.

Siku msiba unapotokea

Simu zitalia siku ile kuliko siku nyingine zote, na mikono yako inatetemeka. Tumejiwekea utaratibu. Kwanza uokoaji na simu ya Zimamoto, 114. Habari za marehemu, jina, chanzo, idadi, tunawaachia polisi, Zimamoto na familia. Hatuzisemi hata kama tunazijua. Kwa mwandishi tunasema: "Leo tunawapisha wafiwa. Kesho kutwa saa 4 tutakuwa tayari kuonyesha namna ya kuzuia." Na kesho kutwa tunakuwa tayari kweli. Tulipoanza kufanya hivyo, waandishi watatu walirudi baada ya mazishi, kitu ambacho hakikuwahi kutokea mwaloni kwetu.

Ikishatoka

Siku ileile mtumie mwandishi ujumbe wa shukrani, umtajie sehemu moja aliyoifanya vizuri. Kukiwa na kosa, mwambie faraghani, ukitofautisha kosa la ukweli na jambo ambalo wewe hukulipenda tu. La pili linyamazie. Gazeti likate ulihifadhi, kipindi kirekodi kwa simu nyingine. Tulipoomba eneo la kuhifadhia madumu na kamba kwa serikali ya mtaa, vipande hivyo ndivyo vilivyowekwa mezani.

Na jiandae kupokea watu. Baada ya kipindi chetu cha kwanza nilipigiwa simu 63 kwa siku mbili, wazazi wanataka nafasi, na sisi tulikuwa na madumu 20. Nililazimika kuwaambia wengi wasubiri, na baadhi hawakupiga tena. Sasa kabla ya kwenda hewani tunakubaliana nani anapokea simu, anaandika nini, na tuna nafasi ngapi. Nafasi zikiwa 15, hewani nasema 15.

Simu moja kati ya zile 63 ilikuwa ya mzee mvuvi wa Ukerewe. Alisema amevua miaka 40 na hajui kuogelea, akauliza, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu chumbani, kama tunafundisha watu wazima. Nikamwambia tutaanza. Tulianza na wanaume sita, siku za mbalamwezi, asubuhi na mapema kabla mwalo haujaamka kwa sababu waliona haya. Watatu kati yao sasa wako tayari kuhojiwa. Majina ya waandishi nimeshayachagua kwenye kaunta buku, na nasubiri mbalamwezi ijayo.